Ndizi za Mama Yako Zilikuwa na Bei

Kanazi, usiku wa kuamkia safari yako

Devota mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali. Nakusikia unavyojigeuza kitandani chumba cha pili, na bibi yako anavyokoroma kana kwamba hakuna anayeondoka. Begi lako liko mlangoni, umelifunga kamba juu ya zipu, sijui nani atakuibia hizo sufuria. Habari za safari sikuambii. Basi unalijua, stendi ya Biharamulo unaijua, na mjomba wako atakuwa anakusubiri na pikipiki akufikishe Nyamigogo. Kupika unanishinda. Kumchekea dereva aliyelewa bila kumpa namba ya simu, nimeona mwenyewe unavyofanya. Mambo hayo nayaacha kama yalivyo.

Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilolisema jana jioni. Ulikuwa nyuma ya nyumba unaongea kwa simu na rafiki yako, nami nilikuwa napita na ndoo ya maji. Ulimwambia, "Mgahawa wetu hauwezi kushindwa. Mama analima, kwa hiyo chakula ni bure." Ukacheka, ukaendelea na habari za vitambaa vya meza. Mimi niliitua ndoo, nikakaa juu ya gogo la kupasulia kuni, na bibi yako akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni mgongo.

Haukuwa mgongo. Neno hilo "bure" ndilo lililomfukuza mama yako katika nyumba hii, na wewe ulilitamka kwa sauti ileile niliyokuwa nikilitamkia mimi, sauti ya mtu aliyeshiba. Kesho unakwenda kwa mama yako kufungua mgahawa. Yeye atalima, wewe utapika. Ndivyo tulivyoanza na mimi. Nimekaa na jambo hilo tangu jana.

Ningeweza kukuita tukaongea. Lakini unajua hali yetu. Tangu mama yako aondoke, mimi na wewe tunaongea habari za chumvi na mkaa. Nikianza jambo zito unaniangalia kwa macho yake, nami nakasirika, na nikikasirika nasema maneno ya kipumbavu ambayo baadaye siwezi kuyarudisha. Kwenye karatasi angalau nitafika mwisho.

Nianze mbali kidogo. Mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walipojaa Benaco, mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Babu yako alikuwa na ndizi nyingi na wanunuzi wachache, halafu ghafla vilima vizima vikawa watu. Tulipeleka ndizi mbivu, mihogo, kuni, hata majani ya kuezekea. Ulichokitua chini kilikwisha kabla hujanyoosha mgongo. Watu wale walikuwa wamekimbia mauaji, wengine wamevuka mpaka na mtoto mgongoni na hawana kingine chochote, na mimi nilichokiona pale ni wateja. Nilikuwa mtoto, najua. Bado linanitia aibu.

Pamoja na aibu hiyo niliondoka pale na somo, na somo lenyewe lilikuwa bovu. Nilijifunza kwamba ukiona watu wengi umeona faida. Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu wakubwa wenyewe waliamini hivyohivyo. Kambi ikafungwa, watu wakaondoka, vibanda vikaoza, na sisi tukabaki tunahesabu vichwa vya watu tukidhani tunahesabu fedha.

Kwa hiyo nilipofungua hoteli yangu pale Benaco, wewe hujaanza hata shule, nilichokitafuta kilikuwa watu. Malori yalikuwa yanasimama kabla ya kuvuka mpaka wa Rusumo, madereva wana njaa na utingo wana njaa zaidi. Nikapanga chumba kimoja chenye uwazi nyuma, nikanunua masufuria mawili makubwa. Ndizi na maharage yalitoka hapa Kanazi, kwenye kibanja cha migomba alichonirithisha babu yako. Mama yako alibaki huku na wewe. Jumatatu na Alhamisi alikuwa anafunga mikungu na gunia la maharage, anasimama barabarani mpaka ipite gari ya kuibeba. Nami kule nilikuwa namlipa mwenye gari, nanunua nyama, mafuta, nyanya, mkaa, nalipa kodi ya chumba na kijana wa kuosha vyombo.

Usifikiri sikuwa na hesabu. Hapo ndipo watu wengi wanaponielewa vibaya, wanadhani nilianguka kwa sababu ya uzembe. Kuna kijana mmoja alikuja kutufundisha wafanyabiashara wa pale, siku tatu kwenye ukumbi, mapato na matumizi. Wenzangu walisinzia. Mimi nilikaa mbele. Tangu siku hiyo sikuwahi kulala bila kujua nimeuza sahani ngapi, nimelipwa kiasi gani mkononi na kiasi gani kwa simu, nimetoa nini. Nilijua siku gani malori ni mengi na siku gani nipike kidogo. Kijana yule aliporudi kututembelea alinisimamisha mbele ya wenzangu kama mfano wa kuigwa. Nilinunua shati jipya baada ya pale.

Kila nilichokiandika kilikuwa kweli. Kama nilinunua nyama, niliandika nyama. Ila niliandika kile tu kilichopita mkononi mwangu kama fedha. Ndizi sikuzinunua, kwa hiyo hazikuwemo. Maharage hayakuwemo. Mama yako hakuwemo. Nikiulizwa ndizi natoa wapi nilijibu kwa maringo kabisa, "Za shambani, za bure."

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mama Leokadia, yule mnene unayemsalimia hadi leo. Yeye alikuwa ananunua ndizi sokoni kila siku. Sahani yake ya ndizi na maharage ilikuwa elfu mbili. Mimi niliuza elfu moja na mia tano, na niliweza kwa sababu ndizi zangu hazina bei. Hoteli yangu ilijaa mpaka watu wanakula wamesimama. Yeye alikuwa anakaa mlangoni pake anafukuza nzi, na mimi namwonea huruma ya dharau. Siku moja nilimpelekea sahani ya chakula, mbele ya wateja wake wawili, nikasema jirani asilale njaa. Alipokea, akanishukuru. Alikuwa anajua anachokifanya, ila hakuwa na wajibu wa kunifundisha.

Ngoja nikuwekee hesabu hapa, maana wewe ni mtu wa jikoni utaielewa upesi. Mkungu mmoja wa wastani, na maharage yake, unatoa sahani ishirini. Sahani ishirini kwa elfu moja na mia tano ni elfu thelathini. Nyama, mafuta, mkaa, kodi, kijana na nauli ya mzigo, kwa sahani hizo ishirini, vilikula kama elfu kumi na tisa. Kwangu mimi zilibaki elfu kumi na moja, nami niliziita faida na kuzilalia usingizi mtamu.

Wakati huohuo fuso za Kahama na Mwanza zilikuwa zinapita hapa Kanazi kununua ndizi. Mkungu kama ule walinunua elfu kumi, palepale kwenye migomba, hujabeba wala hujasimama barabarani. Maharage ya sahani ishirini yangeuzwa elfu tatu. Jumlisha mwenyewe. Kila mkungu nilioupika ulinila elfu mbili, na hapo jembe la mama yako halijalipwa hata senti moja. Kadiri hoteli ilivyojaa ndivyo nilivyozidi kula hasara, na kadiri nilivyokula hasara ndivyo nilivyosifiwa. Wale madereva walikuwa wanakula jasho la mama yako kwa bei ya kutupa, na mimi ndiye niliyekuwa nawapakulia.

Hesabu hii haihitaji shule. Ingenichukua muda wa kunywa chai. Sikuifanya kwa miaka yote ile kwa sababu haikunijia kwamba kitu cha mke wangu kinaweza kuwa na bei.

Mama yako aliwahi kuniomba. Nataka ujue hilo, kwa sababu bibi yako hupenda kusema alikuwa mkimya mno, hakujitetea. Aliniomba nimpe fedha ya kibarua wa kupalilia na ya kununua samadi, akasema mikono yake peke yake haitoshi, migomba imechoka. Nilimwambia hoteli ndiyo yenye fedha, shamba halina fedha, sasa nitoe fedha palipo na fedha nizitupe pasipo na kitu? Alichukua jembe akarudi shambani. Msimu uliofuata aliomba tena, akapata jibu lilelile. Hakuomba mara ya tatu.

Sasa nakuja kwenye siku ambayo nisingependa kuikumbuka.

Ulikuwa kidato cha nne. Mimi nilikaa nikasoma hesabu zangu za mwaka mzima, zikaniambia mambo mawili yaliyo wazi kabisa. Hoteli inaingiza kila siku. Kibanja hakiingizi chochote. Mtu mwenye akili anafanya nini? Anatoa kwenye kinachokufa anaweka kwenye kinachokua. Nikaamua kuuza nusu ya kibanja, ile nusu ya bondeni, nipate mtaji wa kuongeza chumba cha pili, friji, televisheni na viti vya maana. Sikuamua kwa ulevi wala kwa kushawishiwa. Niliamua kwa takwimu, Devota, nikiwa na akili zangu timamu na shati langu jipya.

Mama yako ilibidi akubali mbele ya wazee na mwenyekiti, ndiyo taratibu. Basi tukakaa pale kwenye ofisi ya kijiji, baba yako mdogo yupo, mnunuzi yupo. Nikasimama nikawasomea. Hoteli kwa mwezi inaleta hiki. Shamba kwa mwezi linaleta sifuri. Nilisema sifuri kwa sauti, nikainua mkono hivi. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema huyu kijana amesoma. Mwenyekiti akamgeukia mama yako akamuuliza kama ana neno.

Alijifunga upya kanga kiunoni. Halafu akaniangalia mimi, hakumwangalia mwenyekiti, akasema, "Baba Devota, kama ni sifuri, mimi nimekuwa nafanya nini kule miaka yote hii?"

Nikamjibu, "Umekuwa unalima."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu wao walicheka. Mama yako akavuta ile karatasi akaweka dole gumba, ingawa anajua kusaini vizuri na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mpaka leo sijui kwa nini aliweka dole. Nadhani alitaka kuwapa kile walichokuwa wanakiona.

Mengine umeyaona. Chumba cha pili kikajengwa, televisheni ikawekwa, watu wakaongezeka mara mbili. Nusu iliyobaki ya kibanja, hii ya mlimani yenye mawe, haikuweza kulisha hoteli hata nusu wiki. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaenda sokoni na gunia langu kununua ndizi. Nilisimama mbele ya muuzaji nikamwuliza bei, akanitajia. Palepale, kati ya nyanya na dagaa, ndipo nilipoielewa hoteli yangu. Nilirudi nikapandisha sahani mpaka elfu mbili. Madereva wakasema kama ni elfu mbili basi wanavuka barabara, kwa Mama Leokadia kuna pilipili nzuri.

Fedha ya shamba iliisha kwenye kuziba mashimo. Ile iliyokuwa itengwe kwa ajili ya chuo chako iliondoka nayo. Nilikuambia uje unisaidie jikoni kwa muda, mambo yakikaa sawa utakwenda. Uliniamini, au ulijifanya kuniamini.

Mama yako aliondoka baada ya mavuno ya maharage. Hakupiga kelele. Alivuna yote, akayapepeta, akayapakia kwenye magunia, akayaacha ukumbini yakiwa yamefungwa. Alichukua nguo zake na jembe lake. Nilimkuta njiani, nikamwuliza kwa hasira anataka watu waseme nini. Akasema, "Nakwenda kwetu Nyamigogo. Na huko nitalima. Ila huko nikilima watajua nimelima." Nilimwita mjinga. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu uso kwa uso, na tangu hapo tunaongea kupitia kwako.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Ukinionea huruma nitakasirika. Nakuandikia kwa sababu kesho unakwenda kukaa palepale nilipokaa mimi, na mama yako atakaa palepale alipokaa, na nyote wawili mnafurahi.

Najua itakavyokuwa. Atakuletea ndizi na mihogo asubuhi, ameibeba kichwani. Utamwuliza shilingi ngapi, naye ataona umemtukana. Atasema, "Nikulipishe wewe niliyekuzaa?" Hapo ndipo utakaposhindwa kama hujajiandaa, kwa sababu maneno hayo ni matamu sana kuyasikia. Mimi niliyasikia miaka mingi. Kusema kweli kuna siku namkasirikia kwa hilo, kwamba alinipa kila kitu bila kudai na kunifanya mpumbavu. Halafu nakumbuka kwamba alidai. Alidai mara mbili, na mimi ndiye niliyekuwa na masikio ya kuchagua.

Mlipe, Devota. Siku ya soko tuma mtu aulize mkungu unauzwaje, na bei hiyo uiandike kwenye hesabu yako kana kwamba umenunua kwa mtu usiyemjua jina. Mpe mkononi kabla hujahesabu faida, akikataa muwekee kwenye simu yake, akinuna mwache anune. Na kama baada ya kumlipa hakibaki kitu, basi umejua mapema kwamba mgahawa wako hauna kitu. Pandisha bei, au punguza sahani, au funga mlango mkauze ndizi mbichi kwa watu wa fuso. Vyovyote itakavyokuwa utaamua ukiwa unaona. Mimi niliamua nikiwa na namba nyingi kuliko mtu yeyote pale Benaco, na nilikuwa kipofu.

Na wewe mwenyewe ujiweke humo. Ukishinda unapika kutwa nzima, siku hiyo ina bei, hata kama anayekulipa ni wewe. Usicheke. Hili nalisema kwa sababu ambayo sasa lazima niimalizie, ingawa nilikuwa nimepanga kuiacha.

Wiki iliyopita, ulipokwenda kuchukua cheti chako cha kuzaliwa, nilimwita yule binti wa jirani, Jenerosa, nikamwuliza angetaka kiasi gani kwa mwezi afanye kazi zako pale hotelini. Kupika, kuosha, kupokea wateja, kuamka saa kumi kuwasha mkaa. Akafikiri akasema laki moja na chakula. Nikamwambia nitamjibu. Nilipobaki peke yangu nikafanya kile ambacho sijawahi kukifanya. Niliweka kila kitu, Devota. Ndizi kwa bei ya soko. Maharage. Nauli. Mimi mwenyewe. Halafu nikaweka laki moja ya Jenerosa mahali pako.

Haikutosha. Nilirudia kwa kikokotoo cha simu, haikutosha. Nilijitoa mimi nikajifanya nafanya kazi ya kujitolea, bado haikutosha. Kinachobaki pale kwa mwezi, nikishalipa kila kitu kingine, hakifiki hiyo laki moja ya Jenerosa. Hiyo hoteli imesimama miaka hii mitatu, tangu mama yako aondoke, kwa sababu ya kitu kimoja tu ambacho sikuwahi kukilipia, nacho nimekisikia kikijigeuza kitandani usiku kucha.

Ndivyo nilivyo. Nilimmaliza mama yako kwa kumwita sifuri, na alipoondoka nikakuweka wewe kwenye ile nafasi yake, wala sikuona kwamba nimefanya vilevile. Chuo chako nilikuwa nakipika kila siku na kukiuza kwa elfu mbili.

Siku ile uliporudi na cheti uliniuliza, "Baba, nikienda, hoteli itakuwaje?" Nikakujibu nimeshapata mtu. Ulionekana umetua mzigo, ukaanza kuimba unakata vitunguu. Sikuwa nimepata mtu. Nilikuwa na maneno mawili mdomoni, na moja lilikuwa "baki". Ningelisema, ungebaki. Nakujua. Ungeingia chumbani ukalia kidogo, ukatoka na kufungua begi, na asubuhi ungewasha mkaa. Na mimi ningekuwa na hoteli mwaka mwingine mmoja, labda miwili, ya bure.

Jumatatu narudisha funguo za chumba. Friji amelitaka Mama Leokadia, na hata hajaomba nimpunguzie bei, mwanamke yule. Kijana wa vyombo nimeshamlipa na yeye ndiye aliyenisaidia kutoa viti, siku ile nilipokuambia nimekwenda benki, wewe ukiwa huku unafunga begi. Nitarudi huku Kanazi kwenye nusu ya mawe niliyobakiwa nayo. Nina mikono, nitaona kazi ya kulima ina bei gani. Bibi yako anajua, nilimwomba anyamaze, na ndiyo maana amekuwa akikukumbatia mara nyingi kuliko kawaida.

Barua hii naiweka chini ya sufuria ndani ya begi lako, kwa hiyo utaisoma ukiwa umeshafika. Lakini nakujua hukawii kupekua vitu vyako njiani. Basi kama unaisoma ukiwa ndani ya basi, sikiliza. Litafika Benaco na kusimama mbele ya hoteli, pale dereva anaposhusha watu siku zote. Utaona mlango umefungwa, ubao wa bei haupo, na viti havipo nje.

Usishuke.

Baba yako